Nebulaiza
Nebulaiza ni mashine ambayo, aghalabu kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa au ya oksijeni, huigeuza dawa ya majimaji kuwa ukungu wa matone ya mikroni 1 hadi 5, madogo kiasi cha kupenya ndani ya mapafu, ilhali yaliyo makubwa zaidi hukwama kooni bila ya faida. Mjini Kampala, ambako moshi wa makaa na vumbi la barabarani humzidishia taabu mwenye pumu, tiba hii hupatikana katika hospitali kama ile ya Mulago, iliyoasisiwa mwaka 1913: mgonjwa huketi wima, akavishwa barakoa, akavuta pumzi taratibu takriban dakika 10, huku dawa, yaani salbutamoli miligramu 5 kwa mtu mzima, au 2.5 kwa mtoto mdogo, ikiwa imezimuliwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa. La kusikitisha ni kwamba mashine hutaka umeme, nao hukatika. Basi yafaa kila mzazi afahamu kuwa pampu ya kawaida ya pumu, ikichomekwa katika kitako cha chupa ya plastiki ya nusu lita, hufikisha dawa ile ile pasipo upungufu wa maana, illa kwa mgonjwa mahututi. Ama nebulaiza yenyewe, kikombe chake cha dawa na barakoa sharti vioshwe na kuanikwa, kwani unyevu hulea vijidudu.