Bei ya Neno Kisiwani Mvita

Mwaka 1890 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya chini ya bahari kutoka Unguja hadi Mombasa. Unguja yenyewe ilikuwa imeshaunganishwa na Aden tangu 1879, na habari iliyofika Aden ilikuwa imefika Bombay na London. Waya wa Mombasa uliwafaa kwanza maofisa wa Imperial British East Africa Company, ambao hawakutaka kungoja meli ili wapokee amri. Lakini wafanyabiashara wa Mji wa Kale nao walikuwa na masikio. Bei ya pembe za ndovu Unguja, ambayo zamani ililetwa na manahodha pamoja na uvumi mwingine wa baharini, sasa iliweza kufika kabla ya sala ya alasiri.

Iliweza, kwa mwenye fedha. Telegramu ilitozwa neno kwa neno, na aliyeituma aliandika huku akifuta. Salamu zilikatwa, dua zikakatwa, viunganishi vikaachwa njiani. Kote zilikofika nyaya hizo wafanyabiashara walinunua vitabu vya mafumbo ambamo neno moja lilibeba sentensi nzima ya biashara, na wenye nyaya wakajibu kwa kutunga kanuni za kuwabana: neno la mafumbo lisizidi herufi kadhaa. Mwenye waya anachagua kipimo, mwenye maneno anatafuta upenyo. Mvutano huo ndio ninaoufuata hapa, kwa sababu simu zimebadilika mara nyingi Mombasa, lakini mvutano wenyewe ni uleule.

Miaka mingi iliyofuata naipita haraka. Posta ilifunguliwa karibu na Bandari ya Kale mwaka 1899, enzi ya ujenzi wa reli. Simu za mezani zilikuja zikakaa maofisini, hotelini na katika nyumba za wenye uwezo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, shirika la pamoja la posta na simu liligawanywa, Kenya ikabaki na lake, KPTC. Hadi karne ya ishirini inakwisha, nchi yenye watu karibu milioni 30 ilikuwa na laini za mezani kama 300,000 tu. Kuomba laini kulikuwa ni kuingia kwenye foleni ya miaka. Mwenye jamaa Maskati au Jidda alikwenda posta, akaeleza namba, akakaa kwenye benchi mpaka aitwe. Akishaitwa alizungumza kwa sauti ya juu, na benchi zima likajua habari za nyumbani kwake.

Simu za rununu zilipoanza mapema katika miaka ya 1990, zilikuwa za KPTC hiyohiyo, kwa mtambo wa analojia, na kifaa kimoja kiliuzwa kiasi cha shilingi 250,000. Hiyo haikuwa simu ya mtu wa mtaa wa Kibokoni. Kufikia 1999 wateja wake nchini kote hawakufika 25,000. Mwaka huohuo shirika lilivunjwa vipande: Telkom Kenya, Posta, na tume ya kusimamia sekta nzima, CCK. Mwanzoni mwa 2000 Kencell, kampuni ya Vivendi ya Ufaransa na kundi la Sameer la hapa nyumbani, ilipata leseni kwa dola milioni 55. Ya pili ilikuwa Safaricom, mtoto wa KPTC, ambayo asilimia 40 ya hisa zake zilichukuliwa na Vodafone ya Uingereza.

Kencell ilitangulia kufungua mitambo, Agosti 2000. Safaricom ikafuata Oktoba. Kencell ilitoza kwa dakika: ukizungumza sekunde 61 umelipa dakika mbili. Safaricom ilitoza kwa sekunde.

Tofauti hii inaonekana ndogo kwenye karatasi. Barazani haikuwa ndogo. Mazungumzo ya watu wa Mvita, yaani Mombasa, hayaanzi na haja. Huanza na hali yako, hali ya mzazi, hali ya watoto, yule mgonjwa ameamkaje, ndipo haja itajwe, mara nyingi kama jambo lililokumbukwa mlangoni. Dakika nzima ya kulipiwa huweza kwisha kabla haja haijatoka mdomoni. Kwa kipimo cha sekunde mtu alikuwa na hiari: akitaka asalimie mpaka achoke, akitaka aseme "nipo hapa Marikiti, njoo" na akate. Mimi naamini uamuzi huo wa kihasibu uliipatia Safaricom wateja kuliko mabango yake yote. Kencell nayo ilikuja kutoza kwa sekunde, lakini ilikuwa imeshaachwa nyuma, kisha ikaanza safari ya majina: Celtel mwaka 2004, Zain 2008, Airtel 2010. Mteja aliyekaa na laini ileile miaka kumi alibadilishiwa kampuni mara tatu bila kuinuka kitini.

Hata sekunde ilikuwa na bei, na upenyo ukapatikana. Simu inaita mara moja, inakatwa, haijatozwa kitu. Kubip kulikuwa na adabu zake, ambazo hakuna aliyeziandika na kila mtu alizijua. Mdogo humbip mkubwa, asiye na kazi humbip mwenye kazi, na kijana anayeposa hathubutu kubip nyumbani kwa binti. Watu waliagana kabisa: bip moja nimefika, bip mbili teremka uje unifungulie mlango. Hili la mlango lilikuwa na maana yake katika Mji wa Kale, ambako nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta zake nene, vyumba vya nyuma havina dirisha la njiani, na mawimbi ya simu hupenya kwa taabu. Simu iliachwa dirishani au kwenye roshani, mahali inaposhika, na mlio mmoja ulitosha.

Kampuni zilipoona mitambo yao inafanya kazi bila malipo, zilileta ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe. Mkurugenzi wa Safaricom wa wakati huo, Michael Joseph, aliwahi kulalamika hadharani kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, kwa vile wote walipiga kwa wakati mmoja, bei iliposhuka, na kuuzidi nguvu mtandao. Watu walichukia kidogo, kisha wakayafanya maneno hayo mzaha wa miaka. Sioni ajabu yoyote. Saa ikiwa nafuu, watu hupiga saa hiyo.

Wakati huo kredo, yaani salio la kupigia simu, ilikuwa imeshaanza kufanya kazi ya fedha. Kadi ilikwaruzwa kwa ukucha au kwa ncha ya ufunguo, tarakimu zikaingizwa, na kwa *140 mtu aliweza kumsambazia mwenzake sehemu ya alichonacho. Aliyeko Nairobi alimtumia mama yake kredo, mama akamwachia mwenye duka, mwenye duka akampa noti baada ya kujikatia chake. M-Pesa, huduma ya fedha ya Safaricom kwenye simu, haikuzuliwa hewani. Ilikuta watu wameshazoea. Majaribio yake yalianza Oktoba 2005, nia ikiwa ni kulipia mikopo midogo, lakini walioijaribu waliitumia kutumiana fedha, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ilizinduliwa kwa kazi hiyo.

Juni 2009 bahari ya Mombasa ilipokea waya mwingine. Huu uliitwa TEAMS, ukatoka Fujairah katika Muungano wa Falme za Kiarabu, upande uleule yalikotoka majahazi ya kaskazi. Mpango wa awali ulikuwa Kenya ingoje mkonga wa pamoja wa Afrika Mashariki na Kusini, EASSy, lakini mazungumzo yalikwama kwenye swali la nani amiliki na kwa masharti gani, Afrika Kusini ikivuta kwake. Serikali ya Kenya, Dkt. Bitange Ndemo akiwa katibu wa kudumu wa wizara ya mawasiliano, ikaamua kutandaza wake. Asilimia 85 zilichukuliwa na Kenya pamoja na kampuni zake, 15 na Etisalat ya Imarati. Mwezi uliofuata ukawashwa mkonga wa SEACOM, nao unaingilia Mombasa. Kabla ya hapo intaneti ya Kenya ilipita angani kwa setilaiti, kwa bei ambayo vijana wa leo wakisimuliwa hudhani mtu anatia chumvi.

Bei za kupiga nazo zilikuwa zinaporomoka. Mwaka 2010 CCK ilishusha ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine kwa kupokea simu ya mteja wake, kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21. Zain, iliyokuwa imetoka kununuliwa na Bharti Airtel ya India, ikatangaza Agosti dakika moja kwa shilingi 3 kwenda mtandao wowote, na Safaricom ikalazimika kushuka pia. Tangu hapo mabishano hayajakoma. Wakubwa husema bei ikishuka mno hakuna atakayejenga minara vijijini, wadogo husema ada kubwa ni ukuta wa kuwafungia nje. Ada yenyewe imeteremka hadi senti 41 mwaka 2024, na aliye mkubwa bado ndiye mkubwa.

Jumamosi ya tarehe 25 Februari 2012 Mombasa ilikumbushwa kwamba yote haya yamelala mchangani. Meli iliyokuwa ikingoja zamu ya kuingia bandarini ilitia nanga mahali palipokatazwa, nanga ikauburura na kuukata mkonga wa TEAMS. Siku chache kabla yake nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo hata njia za kukimbilia zilikuwa zimesongamana, na intaneti ikajikokota Kenya na kwa majirani. Mafundi walifanya kazi wiki kadhaa. Kwa mji ulioishi na bandari yake karne nyingi, habari ya nahodha kukosea pa kutia nanga ilieleweka bila mtaalamu.

Mwaka huohuo ulileta mjadala uliogusa mifuko ya wengi zaidi. Tume ilitangaza kwamba simu bandia zitazimwa usiku wa Septemba 30. Vibandani watu walibonyeza *#06#, tarakimu 15 zikatokea, wakazituma kwa 1555 na kungoja jibu. Simu halisi ilirudi na jina la aliyeiunda. Nyingine zilirudi na jina lisilohusiana na lile lililoandikwa mgongoni, kwa kuwa viwanda fulani vilipiga chapa namba moja kwenye maelfu ya simu. Zilizozimwa zilikuwa karibu milioni 1.9. Serikali ilizungumzia usalama na haki za watengenezaji. Waliozimiwa waliuliza mbona zilipita forodhani, tena nyingine zilitozwa ushuru, na mbona hasara imemwangukia aliyenunua dukani kwa nia njema. Swali la pili halikuwahi kupata jibu la kuridhisha, nami naliona ndilo lililokuwa na uzito.

Miezi miwili baadaye ilikuja M-Shwari, mkopo wa papo hapo kwenye simu, na kipimo kipya kabisa: asilimia 7.5 kwa siku 30. Kampuni iliiita ada. Katika mji ambao adhana ya msikiti mmoja hukutana na ya mwingine hewani, wengi waliiita riba, wakakataa kuigusa. Wengine waliona mkopo wa shilingi mia chache za kununulia unga ni dharura. Soko lenyewe lilikubali mwishowe kwamba kuna mteja anayekataa kwa sababu ya dini: mwaka 2023 Safaricom na Gulf African Bank zilileta Halal Pesa, ufadhili kwa wafanyabiashara wadogo unaofuata sharia. Mabishano yalihamia kwingine: je, faida iliyokubaliwa mapema ina tofauti gani na riba mkononi mwa mkopaji? Wanazuoni wana jibu lao, na wauza viazi karai wana maoni yao.

Upande wa vifaa, serikali imekuwa ikifunga na kufungua. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu iliondolewa 2009, ikarudishwa 2013. Mwaka 2022 simu za kutoka nje ziliongezewa ushuru wa asilimia 10. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, kikitoa simu janja ya shilingi 7,499, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba kuanzia Januari 2025 vifaa vinavyoingizwa vitatakiwa kuandikishwa kwa zile tarakimu zake 15. Mombasa tangazo hilo lilisikika kwa namna yake. Hapa simu nzuri mara nyingi haitoki dukani. Hutoka kwenye sanduku la shemeji aliyerudi kutoka Dubai, imefungwa ndani ya kanzu, na mpokeaji wake ameshajulikana tangu mwezi uliopita.

Shemeji huyo naye, akiwa kule, ana kipimo chake. Imarati haziruhusu kupiga simu kwa WhatsApp. Anayetaka kuzungumza kwa njia ya intaneti hutakiwa kutumia programu zilizoidhinishwa, kama BOTIM, nyingine zikiwa za kulipia kifurushi. Ujumbe haukuzuiwa, wala sauti iliyorekodiwa. Basi familia nyingi hutumiana sauti. Mama hurekodi dakika tatu akiwa jikoni, mtoto akitoka zamu husikiliza na kurekodi zake, na mazungumzo ambayo yangechukua nusu saa yanachukua siku mbili. BOTIM hulipiwa mwezi wa arusi.