Minofu Salama, Mikono Isiyo Salama

Jirani yangu wa zamani hapa Mwanza alipoteza vidole viwili katika kiwanda cha minofu ya samaki. Nilipomuuliza kilichotokea, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, ilikuwa bahati mbaya tu." Jibu hilo limenisumbua kwa muda mrefu, kwa sababu historia haioneshi hivyo.

Ajali za viwandani katika Kanda ya Ziwa hazikuanza na sangara. Kabla yake kulikuwa na viwanda vya kuchambua pamba, vyenye mikanda na magurudumu yazungukayo pamoja na vumbi la nyuzi. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Viwanda, ikifuata nyayo za Uingereza, ambako wakaguzi wa viwanda waliwekwa mwaka 1833 na amri ya kuzungushia mashine kinga ikatolewa mwaka 1844. Sheria hiyo tuliyorithi ilivuka Uhuru, Azimio la Arusha na ubinafsishaji, hadi ilipobadilishwa mwaka 2003.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulizuia mara kadhaa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya bakteria, kipindupindu na uvuvi wa sumu. Usafi ulikazwa, vipimo na ukaguzi vikaimarishwa, na mwaka 2000 soko likafunguliwa tena. Funzo ni wazi: kiwanda hubadilika upesi pale hatari inapogusa mauzo. Mlaji wa Ulaya aliweza kufunga soko. Kibarua wa Mwanza, mwenye kisu kikali mkononi, baridi mwilini na sakafu yenye utelezi miguuni, hana soko la kufunga.

Sisemi kwamba hatujafanya lolote. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya fidia ilitungwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Lakini fidia huja baada ya kidole kukatika.

Kinga ina utaratibu wake. Kwanza ondoa hatari yenyewe. Isipowezekana, funika mashine na uweke swichi ya kuizima haraka. Kisha mfundishe mfanyakazi kwa lugha anayoielewa, na umpe mapumziko, maana mkono uliochoka hukosea. Glovu na buti ni ngao ya mwisho, ingawa ndizo tunazozitaja kwanza. Ajali iliyonusurika iandikwe kama iliyotokea, na kibarua wa siku moja ahesabiwe kama mwajiriwa wa kudumu.

Napendekeza pia kwamba mnunuzi anayedai cheti cha usafi wa samaki adai na daftari la ajali za waliomkata samaki huyo. Siku hiyo ikifika, jirani yangu atajua kwamba vidole vyake havikuchukuliwa na bahati. Vilichukuliwa na mashine ambayo mtu fulani aliamua kutoifunika.