Harmonielehre katika santuri tatu

Mimi ni mtu wa santuri, na Harmonielehre, kazi ya okestra ya John Adams, mtunzi Mmarekani aliyezaliwa 1947, naisikiliza kwa kulinganisha wapigaji. Adams alikuwa amekwama muda mrefu kabla ya kuitunga. Kisha akaota meli kubwa ya mafuta ikiinuka kutoka majini katika Ghuba ya San Francisco na kupaa kama roketi. Ndoto hiyo ndiyo iliyozaa mwanzo wa kazi hiyo: okestra nzima ikigonga sauti zilezile, tena na tena, kwa kishindo.

San Francisco Symphony iliipiga kwa mara ya kwanza Machi 1985, ikiongozwa na Edo de Waart, na lebo ya Nonesuch ikatoa santuri mwaka huohuo. Miaka ya 1990 akafuata Simon Rattle na okestra ya Birmingham, Uingereza. Mwaka 2012 San Francisco Symphony ikaitoa upya chini ya Michael Tilson Thomas, kwa lebo yake yenyewe, ikatwaa Grammy mwaka uliofuata.

Tuzo kando, mimi bado namchagua de Waart. Ukipata dakika 40 za utulivu, anza naye.