Rivolva ya mfukoni

Rivolva ya mfukoni ni bastola ndogo yenye silinda inayozunguka, iliyotengenezwa kwa mtutu mfupi ili iweze kubebwa mfukoni au kiunoni chini ya nguo. Kwa kawaida ina uzito wa gramu 350 hadi 650, mtutu wa sentimita 5 hivi na nafasi za risasi tano au sita. Katika Kiswahili cha kila siku huitwa tu "bastola", jina linalojumlisha pia bastola zenye magazini ndani ya mpini.

Historia

Mmarekani Samuel Colt alipata hataza ya rivolva nchini kwake mwaka 1836. Rivolva za mwanzo zilijazwa baruti, risasi na fataki katika kila tundu la silinda, sawa na gobore. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ilianza kuuza rivolva ya risasi zenye ganda la chuma, na kuijaza kukawa rahisi.

Mwaka 1872 kampuni ya Webley ya Birmingham, Uingereza, ilitoa rivolva fupi ya risasi tano iliyoitwa British Bull Dog, ambayo iliigwa sana Ubelgiji na Marekani. Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi kwa silaha ya aina hiyo mwaka 1881. Miundo ya karne ya 20 iliyojulikana zaidi ni Colt Detective Special (1927) yenye risasi sita, na Smith & Wesson Chief's Special (1950) yenye risasi tano.

Katika Afrika ya Mashariki rivolva ilikuwa hasa silaha ya maofisa na wasafiri wa Ulaya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliruhusu msafiri mwenye hati ya serikali yake kubeba silaha ya kujilinda. Wenyeji wengi walibaki na magobore.

Namna inavyofanya kazi

Kifyatulio kikivutwa hufanya kazi tatu: huzungusha silinda, huinua nyundo, kisha huiachia ipige kitako cha risasi. Mvuto huo ni mrefu na mzito, nao ndio kinga kuu, kwa kuwa rivolva nyingi hazina kitufe cha usalama. Risasi ikikataa kulia, kuvuta tena huleta nyingine.

Rivolva nyingi za kisasa zina kipande cha chuma kinachozuia nyundo isifikie risasi mpaka kifyatulio kivutwe. Baadhi ya zile za zamani hazina kipande hicho, na zikianguka zinaweza kulia zenyewe. Kwa hiyo wamiliki wake huacha tupu tundu lililo chini ya nyundo.

Mambo ya kuzingatia katika kuchagua

* Uzito: silaha nyepesi haichoshi kubeba, lakini hurusha mkono kwa nguvu zaidi inapolia. Mtu asiyeizoea huogopa kufanya mazoezi, na asiyefanya mazoezi hukosa shabaha.
* Aina ya risasi: .38 Special, iliyoanza mwaka 1898, ndiyo ya kawaida. .357 Magnum (1935) ina nguvu zaidi, ila katika rivolva nyepesi ni ngumu kuidhibiti.
* Nyundo: iliyofichwa ndani haikwami kwenye nguo.
* Mpini: mfupi hujificha vizuri, mrefu hushikika vizuri.
* Mkoba: ni lazima ufunike kifyatulio. Funguo na sarafu zisikae mfuko mmoja na silaha.

Kwa jumla, yale yanayoifanya iwe rahisi kubeba ndiyo yanayoifanya iwe ngumu kulenga. Inafaa kwa umbali wa mita chache tu, na haitegemewi mbele ya simba au nyati.

Tanzania na mkoa wa Katavi

Nchini Tanzania silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hutolewa kupitia Jeshi la Polisi. Kwa sababu hiyo uchaguzi hauanzii dukani bali kwenye maombi ya leseni. Leseni ni ya mtu mmoja kwa silaha yenye namba yake, hivyo silaha haiazimishwi kwa ndugu wala hairithiwi kama shamba. Mwenye silaha akifariki, familia huipeleka polisi. Ikipotea, taarifa hutolewa polisi mara moja.

Kuwa na leseni si ruhusa ya kuua. Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) inatambua haki ya kujilinda, lakini nguvu inayotumika lazima ilingane na hatari iliyopo.

Mkoani Katavi kuna jambo la kuangalia zaidi. Barabara ya Mpanda kwenda Sumbawanga, baada ya Sitalike, inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na sheria ya hifadhi za taifa inakataza kuwa na silaha hifadhini bila kibali. Msafiri mwenye bastola, hata kama ina leseni, anapaswa kuuliza mamlaka ya hifadhi kabla ya kuondoka Mpanda.

Utunzaji nyumbani

Rivolva ndogo hufichika kirahisi, na kwa sababu hiyohiyo huokotwa kirahisi na mtoto. Mto wa kitanda, kabati lisilo na kufuli na mfuko wa koti lililotundikwa si mahali pa kuiweka. Hutolewa risasi zote, silinda ikakaguliwa kwa macho na kwa kidole, kisha hufungiwa kwenye sanduku la chuma, na risasi huwekwa mahali pengine penye kufuli.