Baroni Jacobee na Watemi wa Sungusungu

Edi Gathegi alizaliwa Nairobi mwaka 1979, akakulia Marekani, na mwaka 2015 akaigiza Baroni Jacobee katika msimu wa kwanza wa Into the Badlands, tamthilia ya televisheni iliyoendelea hadi 2019. Sehemu yake si kubwa. Hata hivyo, ndugu msomaji, ndiyo iliyonirudisha kwenye historia ya kwetu Bariadi.

Dunia ya tamthilia hiyo iliharibiwa na vita karne nyingi nyuma. Walionusurika walikimbilia kwa wenye nguvu wakaomba ulinzi, na ulinzi ukageuka utumwa. Mabaroni saba wamegawana ardhi. Bunduki ni marufuku, watu hukatana kwa panga. Jacobee, jirani na hasimu wa Baroni Quinn, ni mmoja wa hao saba. Ubaroni wenyewe ulizaliwa na hofu ya wanyonge.

Kwetu dunia haikuisha, ila kwa mfugaji aliyeamka akakuta zizi tupu ilikuwa imekwisha. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 silaha zilizagaa, na wizi wa ng'ombe ukazidi Usukumani na Unyamwezini. Polisi walikuwa wachache na mbali. Bariadi wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilizaliwa mwaka 2012.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji hawakumtafuta baroni. Kila mwanaume mwenye nguvu alishika upinde na mishale. Baba yangu aliuweka wake nyuma ya mlango. Yowe likipigwa, wote hutoka. Asiyetoka hutozwa faini. Viongozi wao wakawaita watemi, cheo ambacho serikali ilikuwa imekifuta mwaka 1963! Wakubwa wengine walikunja uso, lakini Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawapa nguvu.

Adhabu iliyoogopwa kuliko faini ilikuwa kutengwa. Huombi moto kwa jirani, husalimiwi, na ukifiwa unachimba kaburi peke yako. Ng'ombe walitulia mazizini, hilo silikatai. Lakini baadhi ya vikundi viliacha nyayo za wezi vikageukia vikongwe waliotuhumiwa uchawi, mara nyingi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka hamsini. Bibi kama huyo, akifuatwa usiku na walinzi wa kijiji chake mwenyewe, angempigia nani yowe?