Tangi likilia kabla ya wakati wake

Mwaka 1933, mtaalamu wa matetemeko ya ardhi wa Japani, Fuyuhiko Kishinouye, alichomeka sindano ya gramafoni kwenye ubao, kisha akaanza kuupinda. Mwamba unaopasuka chini ya ardhi haufikiki, ubao unafikika. Sindano iliyozoea kusoma nyimbo kwenye santuri ikanasa milio midogo ya mti ukichanika ndani kwa ndani, kabla ubao wenyewe haujavunjika.

Kwamba vitu vigumu hulia vikielemewa, mafundi walijua zamani. Stani, metali iliyomo katika lehemu ya mafundi redio, ikipindwa hutoa mlio wa kukwaruza unaosikika kwa sikio tupu. Kilichokosekana ni kanuni ya kuufasiri mlio huo.

Kanuni ilitoka Ujerumani mwaka 1950, katika tasnifu ya udaktari ya Joseph Kaiser mjini München. Kaiser alivuta vipande vya metali na kusikiliza. Aligundua kwamba kipande kilichokwisha kubeba mzigo fulani, ukikipakia upya, hukaa kimya mpaka uuvuke mzigo ule wa kwanza. Metali, kwa namna yake, hukumbuka ilichobebeshwa.

Mapema miaka ya 1960 usikilizaji huo ukahamia kwenye nyenzo za mseto. Nchini Marekani, Allen Green na wenzake wa kampuni ya Aerojet walikuwa wakipima maganda ya injini za makombora ya Polaris, yaliyofumwa kwa nyuzi za kioo na kugandishwa kwa gundi. Kila ganda lilijazwa maji na kusukumwa kwa shinikizo huku vifaa vikirekodi milio yake. Rekodi hizo ziliwasaidia kujua ganda lipi linaharibika, na wapi.

Nyenzo ya namna hiyo haifi kwa ufa mmoja. Gundi hupata nyufa ndogo, nyuzi hubanduka kutoka kwenye gundi, tabaka huachana, hatimaye nyuzi zenyewe hukatika. Kila tukio hurusha wimbi dogo. Vihisi vinavyobandikwa juu ya ganda husikiliza hasa kati ya kilohezi 100 na 300, wakati sikio la binadamu hukomea kwenye 20 hivi. Kwa kawaida ufa wa gundi hulia kwa sauti ndogo. Uzi ukikatika, mlio huwa mkubwa.

Miaka ya 1970, viwanda vya kemikali vya Marekani vilisumbuliwa na matangi ya faibaglasi yaliyopasuka yakiwa kazini. Timothy Fowler, mhandisi wa Monsanto, aliona kwamba tangi lililoumia halifuati kanuni ya Kaiser: huanza kulia kabla ya kufika mzigo wa awali. Uvunjaji huo wa kanuni ndio uliogeuzwa kipimo. Tangi lililowahi kubeba 100 likianza kulia kwenye 95, uwiano wake ni 0.95, likianza kwenye 80, limeumia zaidi. Mwaka 1982 wataalamu wa sekta hiyo walitoa mwongozo wa ukaguzi: tangi lijazwe kwa hatua, kila hatua wakaguzi watulie na kusikiliza. Linaloendelea kulia ilhali mzigo haujaongezwa, lina jeraha linalokua.

Leo njia hiyo hukagua pia mikono ya faibaglasi ya magari yanayowainua mafundi wa umeme kwenye nyaya.

Ina mipaka yake. Haisemi ufa una ukubwa gani, mvua na pampu huivuruga, na mlio uliokosa kunaswa haurudiwi. Lakini mawimbi ya ultrasauti na eksirei hukagua sehemu kwa sehemu, tena hata jeraha lililotulia huliona. Usikilizaji hulichunguza tangi zima kwa mpigo mmoja, na huonyesha jeraha lile tu linaloendelea kukua. Kwa mkaguzi mwenye matangi mengi na siku chache, hiyo ndiyo habari ya kutafuta kwanza.