Toka mti wa mupaka mpaka kadi ya kamera: nani anachunga ushahidi wa Masisi na Walikale?



Mimi ni mutu wa mashamba, si mutu wa elektroniki. Lakini mwaka jana jambo moja lilinilazimisha kusoma mambo ya kadi ya memori sawa vile tulisoma magonjwa ya mihogo. Gari ya mradi tunayotumia iko na kamera ya kuchukua barabara, ile inakaa nyuma ya kioo cha mbele. Ilitoka nayo kiwandani. Siku moja tulikuwa tunashuka toka Masisi-centre kuelekea Sake, kwenye kona moja moto ikatugonga ubavuni. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe, lakini abiria wa ile moto alivunjika mguu. Mwenye moto akasema ni shofere wetu alikata kona. Papa shofere hakugombana naye. Alisema tu: "Haina neno, kamera imeona."

Jioni tukatoa kadi. Majina ya video yote yalikuwamo, na tarehe na saa. Lakini hata video moja haikufunguka. Kadi iliandikwa GB 128. Tulipoipima, kumbe ndani iko na GB 8 tu. Papa shofere alilipa dawa za mugonjwa kwa mushahara wake mwenyewe, miezi mitatu, na neno lake likabaki bila shahidi.

Tangu siku ile niko na swali moja: kwetu Masisi na Walikale, ushahidi unachungwa wapi? Nikaona swali hili ni la zamani kuliko kamera.

Mti na wazee

Mbele ya karatasi, mupaka wa shamba ulichungwa na mti. Watu walipanda dracena, euforbia ao mti mwingine usiokufa haraka, na siku ya kuupanda walikuwapo mashahidi: wazee, majirani, mutu wa chefu. Kama agronome naweza kusema: dracena ilichaguliwa kwa akili. Ukiikata inachipuka, na haikauki haraka. Lakini mti peke yake haukutosha. Mti hausemi. Kilichotosha ni mti pamoja na vichwa vitano ao sita vya watu waliokumbuka neno lile lile. Mzee mmoja akifa, wengine walibaki. Njo kusema, ushahidi haukuwa pahali pamoja.

Ubovu wa njia ile ulionekana siku watu walipotawanyika. Machi 1993, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Vijiji vizima vilikimbia. Miti ya mipaka ilibaki imesimama, lakini mashahidi wake mumoja alikuwa Goma, mwingine kambini, mwingine kaburini. Waliporudi, kila mutu alikuwa na historia yake juu ya mti ule ule.

Karatasi mbili

Karatasi ilikuja na ukoloni. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, shirika lililopewa madaraka makubwa juu ya ardhi ya kwetu. Toka 1937, Mission d'Immigration des Banyarwanda ilianza kuleta familia toka Rwanda na kuziweka Gishari, Masisi. Mambo yale yote yaliandikwa ofisini. Mukulima wa kilimani hakuwa na kopi.

Halafu ikaja sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973, ile tulisoma wote. Ilisema ardhi ni mali ya Serikali. Lakini kuna kitu kidogo ndani yake ambacho mimi nilipita juu nikiwa mwanafunzi: cheti cha usajili kinafanywa mara mbili. Kimoja kinabaki katika kitabu cha ofisi, kingine kinapewa mwenyewe. Walioandika sheria walijua kwamba karatasi moja si ushahidi kamili. Inaungua, inaloa, inaibiwa, ao inabadilishwa usiku. Na kweli, tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma, nyumba nyingi ziliungua na makaratasi yaliyokuwa ndani. Aliyekuwa na kopi pahali pengine alipona. Mwingine alianza upya, na kuanza upya kunaomba feza.

Miaka kumi ya Luvungi

Sasa niruhusuni niguse jambo zito, kwa heshima ya waliopata mateso. Toka 30 Julai mpaka 2 Agosti 2010, wapiganaji wa makundi ya silaha, pamoja na watu wa Sheka, waliingia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua–Mpofi, Walikale. Luvungi njo jina linalojulikana zaidi. Wachunguzi wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliandika watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wanaume, wasichana na wavulana.

Mwanzo wa 2011 sheria ya Kongo ilitoa amri ya kumukamata Ntabo Ntaberi Sheka. Alijitoa Julai 2017. Kesi ilifunguliwa Goma Novemba 2018, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi ilimuhukumu kifungo cha maisha. Hesabuni: toka kosa mpaka hukumu, miaka kumi.

Hakukuwa na kamera ya gari iliyopita pale. Ushahidi ulibebwa na watu wenyewe, waliokubali kusema mara ya kwanza na kusema tena miaka ikipita, na na maandishi yaliyokuwa mikononi mwa zaidi ya ofisi moja. Kama maneno yale yangelikuwa katika daftari moja tu, ndani ya kabati moja, sioni namna gani yangelifika siku ya hukumu.

Jirani yetu Kivu Kusini aliongeza jambo jipya. Septemba 2018, mahakama ya kijeshi iliyohukumu makamanda wawili kwa makosa ya mwaka 2012 katika teritware ya Kalehe ilipokea picha zilizochukuliwa na simu kwa programu inayoitwa eyeWitness. Programu hii, iliyotolewa mwaka 2015, inaandika saa na pahali picha ilipochukuliwa, inaweka alama ya hesabu inayoonyesha kama picha imebadilishwa, halafu inatuma kopi mbali, pahali mwenye simu hawezi kuigusa. Tazameni vizuri: ni mti na wazee tena. Kitu kilichoona, na mashahidi wa pembeni ambao huwezi kuwanunua wote.

Kadi yenyewe

Sasa turudi kwenye kadi. Memori ya aina hii ilibuniwa na Mjapani, Fujio Masuoka, akiwa Toshiba, katika miaka ya 1980. Mwaka 1999 kampuni tatu, SanDisk, Matsushita na Toshiba, zilileta kadi ya SD, na 2005 ikafuata ile ndogo ya microSD. Watu wengi duniani waliona faida ya kamera za gari tarehe 15 Februari 2013, kimondo kilipopasuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, na magari mengi yakawa yamekichukua. Leo magari yanatoka kiwandani nayo. Tesla ilipoiwasha mwaka 2018, mwenye gari alilazimika kuleta flashi yake mwenyewe. Kampuni ilikupa jicho, kumbukumbu ujitafutie!

Na uchungu zaidi: ndani ya vyombo hivi munaweza kuwa tantalamu, inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya, Masisi, na bati ya kuunganisha waya, kama ile ya Bisie, Walikale. Mali inatoka kwetu kwa magunia, inarudi kuwa kadi ya uongo kwenye meza ya soko.

Kadi inafanya kazi namna gani? Ndani yake muko visanduku vidogo sana vinavyofungia umeme. Kila unapoandika na kufuta, ukuta wa kisanduku unachakaa kidogo. Zamani kisanduku kilibeba alama moja. Leo kinabeba tatu ao ine, ndiyo maana kadi ni kubwa na rahisi, lakini ukuta unachoka mapema. Kwa picha za ndoa haina shida, unaandika mara moja tu. Kamera ya gari inaandika bila kupumzika. Ikijaa, inafuta video ya zamani na kuanza tena.

Tufanye hesabu. Video ya kawaida inaweza kula karibu MB 1.5 kwa sekunde, njo GB 5.4 kwa saa. Kadi ya GB 32 haifiki saa sita. Sasa nani alishawahi kutoka Goma kufika Walikale kwa njia ya Masisi, mvua ikinyesha, kwa saa sita? Kabla hujafika, video ya Sake imekwisha kufutwa. Kwa GB 128 unapata kama saa 23. Gari ikitembea saa nane kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inaandika karibu GB 13,000. Kadi ya GB 64 itajazwa mara 200 hivi kwa mwaka, ndani ya gari lililoachwa juani, katika vumbi. Njo sababu kuna kadi zilizotengenezwa kwa kamera zinazoandika muda wote. Kwenye pakiti zinaandikwa "High Endurance". Bei inapita, lakini hiyo njo ya kununua. Tafuta pia alama ya U3 ao V30, inayoonyesha kwamba kadi haichelewi kuandika, na usome kitabu cha gari kujua ukubwa gani kamera inakubali.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya Ulaya havisemi. Kamera inafunga video isifutwe kila inaposikia mutikisiko, ikidhani ni aksida. Kwenye barabara yetu, kila shimo ni aksida! Baada ya siku mbili kadi imejaa mashimo ya barabara, na siku ya aksida ya kweli hakuna nafasi. Punguza ukali wa kihisio kile katika mipango ya kamera, na ufute video zilizofungwa bure.

Halafu kadi ya uongo, ile iliyotupata. Wanaibadilisha iseme iko na GB 128 wakati ni 8. Ikizidi nane inaandika majina tu, ao inaandika juu ya zile za kwanza. Macho hayawezi kuitambua. Kuna programu za bure, H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac, zinazojaza kadi yote na kusoma tena. Pima kadi mpya siku ya kuinunua, mbele ya kuiweka garini.

Lakini kadi si ghala

Ni hapa historia yetu inanifunza zaidi kuliko kitabu cha gari. Hata kadi nzuri kabisa ni kama ghala la muda karibu na shamba: unaweka mavuno usiku mmoja, huwekemo mbegu za mwaka ujao. Sisi sasa tunafanya hivi. Jambo likitokea, tunazima kamera na kutoa kadi siku ile ile. Tunafanya kopi mbili, moja inabaki ofisini, nyingine inaenda mji mwingine. Ile ya kwanza hatuikati, hatuiongezei maneno. Na katika daftari ya kawaida tunaandika kwa bic: tarehe, pahali, nani alikuwa ndani ya gari, nani alishika kadi, nani aliipokea. Kwa kazi ya kawaida, tunatoa kopi ya muhimu kila wiki, na kufuta kadi ndani ya kamera yenyewe mara moja kwa mwezi.

Kuna mupaka pia. Video inaona watu wasioomba kuonekana: mama anayebeba makala, kijana kwenye bariere, mutu mwenye silaha. Kwetu, sura moja katika kadi inaweza kumuletea mutu kifo, ao kwa shofere mwenyewe akipekuliwa. Kwa hiyo kuchagua pahali pa kuchunga ni pia kuchagua nani ataona. Kopi zetu ziko na neno la siri, zisizo na kazi zinafutwa, na mahali fulani kamera inazimwa kabisa. Shofere njo anaamua, si mukubwa wa ofisi, kwa sababu yeye njo anabaki na usukani mbele ya bunduki.

Papa shofere bado anaendesha. Kadi mpya niliipima mbele ya macho yake, usiku muzima, ordinateri ikiandika na kusoma. Asubuhi akaniuliza: "Ni ya kweli?" Nikamujibu ndiyo. Akachukua daftari, akaandika namba ya kadi na tarehe, akanipa bic nitie sinyatire. Halafu akaita mulinzi wa mulango aje atie yake pia.

"Kadi moja, mashahidi watatu," akasema, akawasha gari.